Siku Kumi na Moja Zilizozidi

Tarehe 9 Januari

Dada,

Nakusalimu, na shikamoo ya mama mfikishie kabla hujaendelea, maana najua unaisoma barua hii ukiwa bado umesimama mlangoni. Mimi sijambo. Chumba ni kilekile cha nyuma ya hospitali, dirisha linatazama kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Mafua niliyokuwa nayo yamekwisha. Macho ya mama je? Uliandika kwamba haoni tena tundu la sindano. Amekubali miwani, au bado anasema miwani ni ya wazee?

Habari yangu kubwa ni kwamba nimefaulu mtihani wa mwisho. Unajua nilikotoka: miaka sita ya kupiga deki na kumwaga mabeseni ya wagonjwa, kisha miaka mitatu ya kusoma mchana na kufanya kazi jioni. Kilichobaki ni kuandikishwa na baraza la wauguzi, ndipo niitwe muuguzi kamili. Wamenipa fomu ya kurasa nne. Nimeijaza yote isipokuwa mstari mmoja, swali la kumi na nne. Nalinakili lilivyo: "Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote kwa kosa la jinai? Kama ndiyo, eleza."

Dada, leo ni siku ya tano kalamu imesimama hapo. Wewe uliwahi kulijibu swali kama hili. Mimi sijawahi, nilipoingia chuoni matroni wa hapa hospitali ndiye aliyenijazia karatasi, wala hakuniuliza. Niandike nini? Fomu inatakiwa kabla Februari haijaisha.

Ningepiga simu, lakini unazijua simu zetu, mmoja akianza kusema mwingine anakata. Karatasi haimkatizi mtu.

Mdogo wako


Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika na shikamoo imepokelewa. Mama hajambo. Miwani ameifungia kabatini pamoja na sahani za wageni, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Nilipofika kwenye neno "nimefaulu" alinishika mkono, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Rudia." Mara ya tatu nikamwambia, mama, wino utafutika. Akatoka nje, na kabla chai yake haijapoa jirani wa kulia na wa kushoto walikuwa wameshajua. Jioni yule muuza vifaa vya umeme wa ng'ambo ya barabara akaja kunipa hongera mimi. Nikazipokea, ningefanyaje? Chanda chema huvikwa pete, na kile kingine hupewa kazi ya kusukuma sindano.

Hapa kazini tuna cherehani nne na mafundi watatu. Bado wananiita Mkasi, wanasema ni kwa sababu ya mdomo. Tumepata oda ya sare za wauguzi, pea arobaini, nyeupe, kola ya kulala, mifuko miwili ya chini na mmoja wa kalamu. Asubuhi mpaka jioni napima vifua na mabega ya wanawake wanaobana pumzi wasionekane wanene. Sare ile naweza kuishona nikiwa nimefumba macho. Unakumbuka ni nani kati yetu aliyekuwa akiwafunga bandeji kuku wa jirani? Si wewe. Wewe ulitaka kuwa mtangazaji wa redio.

Haya, swali lako. Tusizungukane. Mama alipofukuzwa kazi ya usafi katika duka la vitambaa, mwenye duka akaumwaga mkoba wake sakafuni mbele ya wateja kutafuta kitambaa ambacho hakukiiba, tuliosimama mlangoni kumsubiri tulikuwa wawili. Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, duka limefungwa, waliopita dirisha la nyuma walikuwa wawili. Madumu ya dawa ya kung'arisha nguo yalikuwa mawili, moja langu na moja lako. Tulimwagia majora yote ya rafu ya chini na ya kati, na rangi zikawa zinakimbia kitambaani kama zimeona moto. Mlinzi akaja mbio, akateleza kwenye ile dawa, akavunjika mkono. Sote tulisikia mfupa. Tungefika barabarani, lakini wewe ulirudi kumwinua, na mimi nikakurudia wewe.

Tofauti yetu ni hii tu. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane na siku kumi na moja. Wewe ulikuwa na kumi na sita na miezi kumi. Mimi nikapandishwa kizimbani, ukumbi umejaa watu hadi madirishani, nikatiwa hatiani, nikapewa miaka miwili. Wewe ukaingizwa chumba chenye meza ya duara, hakimu hana hata joho, pazia limefungwa, ukapelekwa shule ya marekebisho yenye bustani na kengele ya chakula.

Nilipotoka niliomba chuo cha uuguzi. Swali lako lilikuwemo kwenye fomu. Nikaandika Ndiyo. Barua yao ya kunikataa ilikuwa na mistari miwili. Sisi hapa tukiagiza vifungo tunaandika zaidi ya hapo.

Unaniuliza uandike nini? Andika Ndiyo. Tulitenda wote, na ukweli hauna umri. Kama mimi niliweza kuliandika neno hilo, na wewe mkono hautakatika.

Dada yako,
Mkasi


Tarehe 26 Februari

Dada Mkasi,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa kona moja, lakini inasomeka. Nafurahi mama hajambo. Mwambie miwani haimzeeshi mtu, kinachozeesha ni kukunja uso ukitafuta tundu la sindano. Hapa wodini tumejaa, wiki hii kuna vitanda vyenye wagonjwa wawiliwawili. Matroni ameumia mgongo, kwa hiyo zamu zake tunagawana.

Fomu nimeipeleka. Nakushukuru kwa ushauri.

Kuna jambo moja ninataka kukuuliza. Yule afisa wa ustawi wa jamii aliyekuwa akikusimamia ulipotoka, mama mfupi mwenye sauti ya chini, hakuwahi kukupa ujumbe wowote wa kunifikishia mimi? Jaribu kukumbuka. Hakuna haraka.

Mdogo wako


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mama aliumwa jino, tukaling'oa, sasa anajisifu kwamba hakupiga kelele. Alipiga, nilikuwa nimemshika miguu. Mvua imeharibu kona ya paa juu ya jiko, fundi ameahidi kuja tangu wiki mbili zilizopita, nawe unawajua mafundi, mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Picha yako ya mahafali imefika, ile uliyovaa joho. Mama ameitundika ukutani mahali palipokuwa na saa. Saa ameihamishia jikoni. Sasa mgeni akiingia jambo la kwanza ni wewe. "Huyu ni nani?" "Binti yangu, muuguzi." "Na wewe?" ananigeukia mimi. Kabla sijafungua kinywa mama anasema, "Huyu ndiye ninayekaa naye." Kana kwamba mimi ni ugonjwa wa miguu.

Usinielewe vibaya. Najua hakukusudia. Lakini nieleze, ni nani anayeamka alfajiri kumchemshia maji? Ni nani anayemkata kucha? Ukubwa jalala, kila kitu kinatupwa hapo, na hakuna mtu anayetundika picha ya jalala ukutani.

Sare arobaini zimekwisha. Siku ya kuchukua, wanawake wale walizivaa palepale dukani, wakazunguka mbele ya kioo wakicheka. Mmoja akaniambia, "Fundi, ungependeza nawe, jaribu." Alikuwa anatania. Nikajaribu. Nilipojiona nikaivua haraka hata kifungo kikang'oka, nikasema ina kasoro mshononi, nikairudisha kwenye cherehani. Haikuwa na kasoro yoyote.

Hujaniambia baraza limesemaje. Kama wamekukatalia, usione aibu. Rudi nyumbani. Cherehani ya nne haina mtu, nitakufundisha, mikono unayo. Tutakaa kama zamani.

Mkasi


Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu,

Aprili umenyamaza. Mei umenyamaza. Juni mama ameanza kuamka kila mlango unapogongwa. Nimempa kila sababu niliyoweza kuitunga: posta, zamu, mvua. Sasa sababu zimeniishia, na kuna jambo limenikaa kooni tangu kabla hujaniandikia ile barua ya Januari. La kuvunda halina ubani, acha nilitoe lilivyo.

Mwezi uliopita mmoja wa wale wauguzi alirudi na sare yake. Nilidhani anataka ipunguzwe. Akaingia kwenye kile chumba cha kupimia, akavuta pazia, na nikasikia analia. Nikamfuata. Rafiki yake waliyesoma pamoja amekataliwa na baraza kwa sababu ya swali moja kwenye fomu, kosa la zamani la ugomvi. Ameanza kuuza mboga. "Alisema ukweli tu," akaniambia, "angenyamaza asingejulikana." Nilisimama pale na tepu shingoni, nikajua rafiki yake huyo ana uso gani. Ana uso wako.

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikaenda mahakamani, ile ile. Wamepaka rangi lakini harufu haijabadilika. Kwenye masjala kulikuwa na karani mtu mzima aliyefunga miwani yake kwa uzi. Nikamwambia nataka nakala ya hukumu ya mdogo wangu.

"Mwaka gani?" Nikamtajia. "Alikuwa na umri gani?"

"Kumi na sita na miezi kumi."

"Basi hakuna hukumu."

"Ipo, baba. Tulipelekwa kwa gari moja."

Akavua miwani. "Sikiliza, mama. Mahakama ya watoto haimtii mtoto hatiani. Inachunguza, ikiridhika kwamba alitenda, inatoa amri ya namna ya kumrekebisha. Muda wa amri ukiisha, imekwisha. Hata neno 'adhabu' hulikuti katika jalada lake. Mtu akimwuliza leo kama amewahi kutiwa hatiani, akijibu hapana, hajamdanganya mtu."

"Naweza kuliona jalada?"

"Huwezi. Liko kwenye kabati la chuma. Halitoki mpaka yeye aridhie kwa maandishi au hakimu aagize."

Sijui ni shetani gani aliyenisukuma, nikasema, "Na la kwangu?"

"Wewe ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na minane."

Akasubiri. "Na siku kumi na moja," nikamalizia.

Akaniangalia kidogo, akaondoka, na kabla sijapata hata pa kukaa akarudi nalo. Halikuwa kwenye chuma. Lilikuwa kwenye rafu ya wazi, kamba yake imelegea, kurasa zimelainika kwa kushikwashikwa. "Hili ni la wote," akasema. "Mwenye namba akija analisoma." Nikalifungua. Ukurasa wa tatu mtu ambaye simjui alikuwa amepigia mstari jina langu kwa kalamu nyekundu. Nikalifunga.

Mdogo wangu, yote aliyoniambia karani nilikuwa nayajua. Niliyajua miaka kumi na minne iliyopita. Uliniuliza kuhusu yule afisa wa ustawi nami nikajifanya sikulisoma swali lako. Alinipa ujumbe. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, akaniambia: "Utakapomwona mdogo wako, mwambie hana hukumu. Asije siku moja akajiandikia mwenyewe kile ambacho mahakama haikumwandikia." Alinitaka niyarudie maneno hayo hayo mbele yake ili nisiyasahau. Sikuyasahau. Ndiyo maana sikukuambia.

Nilijiambia nitakuambia kesho. Kisha chuo kikanikataa, na kesho ikawa haina haja ya kuja. Nilitaka tufanane. Dhambi moja, dumu moja moja, tumbo moja, na mimi peke yangu ndiye nibebe jina? Ulipoandika kuuliza, nilipata nafasi ya kukuvuta huku niliko, na nikakuvuta. Nilikuandikia Ndiyo huku moyo ukinidunda kwa raha. Hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwa hiyo nimeiandika.

Naambatanisha karatasi ya ridhaa. Itie sahihi uirudishe haraka. Nitachukua nakala ya amri ile, nitaipeleka barazani mwenyewe hata kama ni safari ya siku mbili, niwaambie kosa la fomu lilikuwa langu. Kama hutaki kuniandikia, usiniandikie. Irudishe karatasi tu.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Dada,

Mama asomewe salamu zangu kwanza. Mwambie mimi mzima na simu yangu iliharibika Juni, hilo ni kweli. Mengine yote hayakuwa posta wala mvua.

Karatasi yako ya ridhaa sikuitia sahihi kwa sababu haihitajiki. Niliandika Hapana.

Niliandika Hapana siku ileile barua yako ilipofika. Baraza limeniandikisha tangu tarehe sita Mei. Nina beji, nina namba, na wodi ya akina mama waliojifungua iko chini yangu asubuhi. Miezi mitatu nimeivaa hiyo beji na sikukuambia.

Nilijua jibu la swali la kumi na nne kabla sijakuuliza. Yule afisa wa ustawi alikuja shuleni kwetu mwezi wangu wa mwisho. Akaniuliza, "Dada yako alikufikishia maneno yangu?" Nikamwambia ndiyo, nisikuaibishe. Akafurahi. Akayarudia hata hivyo, kwa kunikumbusha, na ndipo nikayasikia kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo miaka yote hii nimejua kwamba unajua. Nikawa nasubiri. Kila barua yako naifungua nikisema, leo atasema. Mwaka huu nikaona nikuwekee swali mbele kabisa, usiweze kulikwepa. Nilikutega, dada. Ningeweza kunyamaza nikajaza fomu yangu. Nilitaka jibu litoke kwako, na lilipotoka nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka zamu ikaanza.

Unadhani mwenye wivu ni wewe peke yako. Ngoja nikuambie wa kwangu.

Ulipewa miaka miwili, ukakaa miezi kumi na sita, ukatolewa kwa tabia njema. Mimi nilikaa yote ishirini na minne, kwa sababu kule hakuna kifungo cha kupunguza. Unakaa mpaka waseme umenyooka. Bustani unayoitaja tulikuwa tunailima, na mlango ulifungwa kwa nje. Mama alikuja kwako kila mwezi, mwezi hata mmoja haukumpita. Najua, maana kwenye barua zake chache alinisimulia: leo nimemwona dada yako amekonda, leo dada yako kanishonea leso. Kwangu alikuja mara mbili. Mara mbili kwa miaka miwili. Wasichana wenzangu wakiitwa mlangoni nilikuwa najifanya nina nguo za kufua. Nilipomwuliza akasema, "Wewe uko shule, mwanangu. Dada yako yuko jela."

Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Wewe una neno la kuiitia miaka yako. Ukisema "kifungo," watu wananyamaza, wanakupisha, mama anakuchemshia chai. Mimi sheria ilinifichia jina langu, naishukuru, bila hiyo nisingekuwa hapa. Lakini ilinifichia na maumivu yangu pia. Hayana jalada. Nikisema niliteseka, naambiwa, si ulikuwa unasoma? Hata wewe unaniambia. Na mpaka leo anayelala chumba cha pili na mama ni wewe. Unamkata kucha na unalalamika! Mimi picha yangu iko ukutani kwa sababu mimi mwenyewe sipo. Jiulize ungependa kuwa kipi, picha au mtu.

Kwa nini sikukuambia kuhusu Mei? Kwanza nilitaka ukae na ulichofanya, kikuchome kidogo. Pili, nilijua ungenifurahia kwa mdomo. Tatu, na hili uliamini au usiliamini, nilikwenda kwa wakili mara mbili siku zangu za mapumziko kuuliza habari zako, si zangu. Sikutaka kukuletea habari yangu njema nikiwa mikono mitupu kwa upande wako. Akasema jalada la mtu mzima halifi lenyewe kama la mtoto. Linabaki. Ila upo mlango wa kuomba lifutwe baada ya miaka mingi ya utulivu. Ni mrefu, una karatasi nyingi, na wengine wanakataliwa. Ndiyo hiyo tu niliyopata.

Barua hii usimsomee mama yote.

Mdogo wako


Tarehe 29 Agosti

Mdogo wangu,

Nilikukasirikia siku tisa. Miezi mitatu una beji huku mimi najiona muuaji! Siku ya kwanza nilitaka kuichana barua yako, ya pili nikaanza kukuandikia matusi mazuri sana, karatasi nzima, pole hukuyapata. Pale kazini nilimpigia mteja kelele kwa sababu alisema ana haraka. Kisha nikaanza kuisoma tena ile sehemu ya wasichana wanaoitwa mlangoni. Nikaisoma mpaka nikaanza kuiona hiyo nguo unayoifua.

Sikuwahi kujiuliza mama alikuwa anatoka wapi alipokuja kwangu, wala alikuwa hajaenda wapi. Alikuwa anafika, ananitazama, analia, mimi namwambia asilie, basi. Nilidhani safari zilikuwa mbili kila mwezi. Ilikuwa moja, na niliila yote mimi.

Uliniambia nisimsomee mama yote. Nimemsomea yote. Jumapili, baada ya chakula, nikafunga mlango. Nilisoma polepole, na nilipofika kwenye maneno yake, "wewe uko shule," aliinua mkono nikadhani anataka nirudie kama siku ile ya kufaulu. Hakutaka nirudie. Akasema, "Nilijua yule ana walimu. Huyu hakuwa na mtu." Akaongeza, "Nauli ilikuwa ya safari moja." Nikainuka kuosha vyombo. Nikiwa jikoni nikamsikia anafungua kabati. Nikarudi nikamkuta amevaa miwani. Anasoma barua yako mwenyewe, ameisogeza puani, kidole kinatembea chini ya mistari.

Alipomaliza akasema, "Nifungie nguo zangu."

Nikamwuliza, "Za siku ngapi?"

"Nimekuambia nguo zangu. Sikusema za siku ngapi."

Nikamwambia ana miguu mibaya, safari ni ndefu, asubiri likizo yako. Nilikuwa nasema hivyo kwa ajili yake kidogo na kwa ajili yangu zaidi. Akanijibu, "Kwako nilikuja na miguu hiihii." Nikafunga mdomo, mimi Mkasi.

Kwa hiyo barua hii hukuletewa na posta. Ameileta yeye, na bila shaka amesimama hapo anakutazama ukiisoma. Mpe kiti. Basi lake litakuwa limefika Ijumaa mchana kama halikuharibika. Mimi nilijisemea nitampeleka kituoni nirudi kazini. Atakuambia kwamba nilikaa naye mpaka abiria wa mwisho alipopanda. Hilo bado halijatokea, kwa sasa naandika alfajiri na yeye anakoga. Lakini najijua, nitakaa.

Dawa ya macho, tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Atakuambia ameshatia, usimwamini. Halalii upande wa kulia. Maji ya kuoga yawe ya moto kweli, si ya vuguvugu. Akianza kuwaambia wagonjwa wako kwamba wewe ni binti yake, mwache aseme. Kucha ukizikata, anza na dole gumba, ukianza na kidogo anaruka. Na akikuuliza juu ya shule ile, mwambie yote, usimsaidie kwa kuruka. Ameniahidi hatalia, na ahadi hiyo hataitimiza.

Zile karatasi za wakili wako mpe aniletee atakaporudi. Nitazijaza. Wakinikataa, nitakuwa nimekataliwa mara mbili, mwili umeshazoea.

Hongera ya beji. Nimeiandika mwisho kwa sababu mara tatu nilijaribu kuiweka mwanzo ikakataa kutoka. Bado inauma. Ukiniona nimekunja uso mbele yako siku moja, usidhani nina jambo jipya, ni lile lile linapita. Jana usiku nilifungua mlango wa chumba chake nikaona begi limefungwa, blanketi limekunjwa juu ya godoro, na wivu ulinipanda. Nikambebea begi sebuleni.

Usimzoeze sana. Kaa naye unavyotaka, miezi miwili, mitatu, ni haki yako, sitahesabu. Lakini usiponirudishia nitakuja kumchukua mwenyewe, na nikifika hapo na chumba chako kile kimoja, utanilaza wapi?

Dada yako